Chaki Yangu Msiidharau

Eti hisabati ya kwanta ni anasa ya Wazungu! Mjomba kaniuliza shahada hii ya uzamili, ya utafiti mtupu, itanilisha nini. Wenzangu wa uhasibu wanacheka. Haya, nijibuni: mwaka 1994 Peter Shor alipoonyesha kwamba kompyuta ya kwanta ingeweza kuchambua namba kubwa mno hadi namba tasa zake, na hivyo kuvunja kufuli zinazolinda siri za benki, mashine yenyewe ilikuwa wapi? Haikuwapo! Alikuwa na hisabati tu. Basi msiniambie tungoje maabara. Ubao tunao, chaki tunayo. Tusipojifunza kuunda kufuli mpya tutauziwa, na funguo atabaki nazo muuzaji. Mie nasoma, Mjomba. Njaa nimeizoea, akili ya kukodi siitaki.