Trela Imeshtakiwa kwa Kosa Lisilo Lake

Msimu ambao Hollywood huuita kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, huku Mbeya na Iringa ni miezi ya makoti na mablanketi. Ndiyo pia miezi ya lawama ile ile: movie za mapigano hazifanani na trela zake. Mmeisikia Mwanjelwa, mmeisikia Miyomboni. Nimewasikiliza walalamikaji kwa makini, nanyi wasomaji naomba mkae kama wazee wa baraza, tupokee hoja moja moja na ushahidi wake.

Ya kwanza: trela hudanganya. Vielelezo wanavyo, tena si vya kupuuzwa. Trela za Suicide Squad, mwaka 2016, zilimtanguliza Joker wa Jared Leto. Kwenye movie anaonekana kwa nadra, vipande vyake vingi vilikatwa. Trela ya Avengers: Infinity War, 2018, ilimwonyesha Hulk akikimbia na wenzake vitani Wakanda, na tukio hilo halimo. Hapo sina ubishi. Lakini wenzetu hawaishii hapo. Wanatia kapu moja kila movie iliyowachosha. Hilo ni shtaka jingine, na mahakama za Marekani zimeshayatenganisha. Mwanamke mmoja wa Michigan alishtaki kwa kuwa Drive ya 2011 haikuwa na mbio za magari kama alivyotarajia. Akashindwa. Watazamaji wawili wa Yesterday walishtaki kwa kuwa walimwona Ana de Armas kwenye trela, na kwenye movie hayumo kabisa. Desemba 2022 jaji akakataa kuifuta kesi yao yote. (Yesterday haina hata ngumi moja, lakini kanuni ni ile ile.) Ulichoonyeshwa kikakosekana, una kesi. Ulichojitungia mwenyewe kikakosekana, huna.

Ya pili: trela humaliza utamu kwa kuonyesha kila kitu. Kielelezo chao ni Terminator Genisys ya 2015, ambayo trela yake ilitangaza mapema kwamba John Connor amegeuzwa mashine. Hata mwongozaji wake, Alan Taylor, hakufurahia. Kielelezo kizuri. Ila tazameni mahali kinapowaacha. Dakika tano zilizopita trela ilikuwa inaonyesha visivyomo. Sasa inaonyesha vyote vilivyomo. Shahidi hawezi kuapa kwamba saa moja ile ile alimwona mshtakiwa Iringa na Mbeya. Watajibu: hii inadanganya, ile inafichua. Vyema, basi mshtakiwa si trela kwa ujumla, na hati ya mashtaka itaje jina.

Tena, huyo anayelia kwamba ameharibiwa mwisho wa hadithi ni yule yule anayejua tangu utotoni kwamba steringi hafi. Ameingia kibanda umiza akiijua Commando ya 1985 hadi anatangulia kusema kabla ya Schwarzenegger. Mfasiri naye, anayeisimulia movie kwa Kiswahili katika mtindo uliompa Lufufu jina, mara nyingi humweleza kinachokuja kabla hakijaja, na yeye hucheka na kuongeza umakini. Kama kujua mbele ni hasara, mbona huku anailipia?

Shtaka ambalo mimi ningelifungua, cha ajabu silisikii popote. Godzilla ya 2014 ilitangazwa kwa uso na sauti ya Bryan Cranston kiasi kwamba mtu yeyote wa kibandani angemwita steringi. Anakufa kabla movie haijafika nusu. Wanasheria wangesema hakuna kilichoonyeshwa kikakosekana. Mimi nasema uongo ulikuwa kwenye mpangilio, na huo ni mgumu zaidi kuushika kuliko Hulk wa Wakanda.

Ya tatu: trela za zamani zilikuwa na adabu. Hii haichukui muda. Terminator 2, Julai 1991: James Cameron aliupanga mwanzo wake ili usijue kati ya wale wawili nani kaja kuua na nani kaja kulinda. Trela ilikuwa imeshasema kwamba Schwarzenegger ndiye mlinzi. Walioshtushwa na jambo hilo kibandani miaka iliyofuata walishtuka kwa sababu trela hawakuiona, walichoona ni picha ya kwenye kava ya kanda. Wanasifia adabu ya kitu ambacho hakikuwafikia.

Ya nne ndiyo wanayoiona nguzo yao: mimi mwenyewe nimelinganisha, movie haikuifikia trela. Movie ipi, ndugu? Trela uliitazama kwenye simu, picha kali, sauti masikioni. Movie ukaiona kwenye nakala iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi, kichwa cha mtu kikikatiza mbele ya mlipuko. Au kwenye basi la kutoka Dar: kioo kiko juu kule mbele, jua linapiga, maneno yamezidiwa na injini ikipanda Kitonga, konda kaisimamisha kutangaza chakula, nawe ukashuka Ipogolo adui bado mzima. Ubovu wa nakala umeuhesabu kuwa ubovu wa movie, halafu tofauti umeitoza trela.

Ushahidi wa aliyeshukia Ipogolo naomba baraza liuondoe kwenye jalada. Wa aliyeendelea hadi Uyole tunaweza kuusikiliza, iwapo hakulala.