Kitabu cha Mwimbaji Kisicho na Mpiga Fidla

Kibarazani, na Bin Shomvi

Wiki hii nilialikwa, kwa kadi yenye nakshi za dhahabu, kuhudhuria uzinduzi wa wasifu mpya wa mwimbaji mmoja mashuhuri wa taarabu hapa Unguja, na kwa kuwa mwimbaji huyo nampenda tangu ujana wangu, nilitia kanzu pasi nikaenda. Wasomaji wangu wa zamani, wanaoujua ugomvi wangu na vipaza sauti, watafurahi kusikia kwamba vilikuwapo, na kwamba vilishinda.

Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo ada ya wageni rasmi, na alipowasili alihutubu kwa muda mrefu juu ya fadhila za kusoma, pasipo kufunua hata ukurasa mmoja wa kitabu alichojia kukizindua. Ukafuata mnada wa nakala ya kwanza, iliyofungwa nailoni na kutiwa utepe mwekundu. Bei ikapanda, vigelegele vikapanda nayo, na muungwana aliyeshinda akapigwa picha amekikumbatia kitabu kifuani. Nilikuwa nyuma yake tulipokuwa tukitoka. Kitabu kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, kama samaki wa barafu.

Hayo ningeyasamehe, maana sherehe ni sherehe, na mwandishi naye ana watoto wa kulisha. Lililonitia hasira limo ndani ya kitabu. Kando yangu alikaa mzee mmoja ambaye wapenzi wa taarabu wa mji huu wanamjua kwa sura, mpiga fidla, aliyemfuatia mwimbaji wetu jukwaani tangu enzi za santuri. Bei ya kitabu haikuwa ya kimo chake, kwa hiyo nikampa nakala yangu aitazame. Akaipekua taratibu, mpaka akaikuta picha iliyojaza ukurasa mzima: bibi amesimama katikati, kanga begani, maikrofoni mkononi, na pembeni kabisa, mkasi wa mchapaji ulipopita, kiwiko cha mtu na ncha ya upinde wa fidla.

“Hicho kiwiko changu, sheikh,” akasema.

“Na jina lako, mzee wangu, liko ukurasa gani?”

“Mimi nakaa Michenzani miaka yote. Hajapata mtu kuja kupiga hodi.”

Usiku ule nilikisoma kitabu chote, kazi ambayo nashuku ni wachache ukumbini watakaoifanya. Wafadhili wametajwa kwa majina, vyeo na picha. Msusi wa bibi ametajwa. Hata dereva aliyempeleka uwanja wa ndege ana aya yake. Mpiga ganuni hayumo. Mpiga dumbaki hayumo. Watunzi wa mashairi, jamani, ambao aghalabu ndio wanaoandika wimbo mzima kabla mwimbaji hajaufunulia kinywa, nao hawamo, hata mmoja! Msomaji asiyejua hunena moyoni mwake kwamba bibi alikuwa akijitungia, akijipigia na kujiitikia.

Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, hakuvuka peke yake, na majina ya wenziwe, akina Subeti Ambar, Budda bin Mwendo na Mbaruk Effandi, yangali yakijulikana hata leo. Shaaban Robert alimwendea mwenyewe, miezi michache kabla Siti hajafariki mwaka 1950, ndipo akaandika wasifu wake. Na Laura Fair, mwanamke wa Kimarekani, aliyechapisha mwaka 2001 kitabu cha Kiingereza juu ya starehe na siasa za Unguja, aliwaona wenzi wa Siti wanastahili kutajwa. Mgeni huyo alitoka masafa gani! Mwandishi wetu alishindwa kufika Michenzani.

Sababu naijua, wala haihitaji tume. Vitabu hivi huandikwa kwa ajili ya ukumbi. Ufadhili hutoka kwa watu wanaotaka kuonekana pamoja na nyota, na mpiga dumbaki hamwongezei mtu heshima katika picha. Basi mwandishi hukusanya vipande vya magazeti, humhoji bibi alasiri mbili tatu, ambaye kwa tabia ya kibinadamu hukumbuka makofi kuliko waliomtayarishia, kisha mswada ukapelekwa kwa mchapaji kabla ya msimu wa sherehe kupita. Shemeji yangu, ambaye safu hii imekwisha mtaja kwa mabaya zaidi ya inavyojuzu, ananiambia kuwa nina husuda kwa sababu wasifu wangu haujaandikwa. Hasha. Mimi naogopa tu picha yangu isije ikakatwa kiwikoni.

Mwandishi ametuahidi juzuu ya pili. Namsihi, kwa taadhima yote, aanze na mpiga dumbaki, ambaye nasikia hawezi tena kupanda ngazi, na mgeni rasmi amwache mwisho: wageni rasmi hawaadimiki mjini hapa, na wote wana afya njema.