Anayerudia Yuniti Apewe Sababu ya Kusoma

Mwanafunzi wa chuo akianguka yuniti hapa Eldoret, ushauri anaopewa nyumbani, kanisani na hosteli ni ule ule: badilisha mtazamo, tia bidii. Una ukweli ndani yake. Aliyekwepa mihadhara ya takwimu na kunakili kazi za wenzake hana budi kuacha tabia hiyo kabla ya kurudi darasani. Ila ushauri huo humtwika yeye mzigo wote, na chuo kinachomtaka aje na moyo mpya kina kanuni zinazouvunja moyo huo mapema.

Tuanze na jinsi anavyofika. Wengi wanaosoma Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, au Chuo Kikuu cha Eldoret kule Chepkoilel, walipangiwa kozi na KUCCPS kwa kufuata alama za KCSE na nafasi zilizopo. Aliyetamani unesi anajikuta katika shahada ya sayansi, akikabiliwa na kemia ya mwaka wa kwanza ambayo hakuichagua. Huyo akianguka, si haki kumwita mvivu kabla ya kumuuliza kama kuna aliyewahi kumweleza yuniti ile itamfaa wapi. Mtazamo wake una chanzo, na hauwezi kubadilika kwa kukemewa.

Kisha kuna sapu na riteki. Kwenye sapu mwanafunzi hufanya mtihani tena bila kurudi darasani. Kwenye riteki huisoma yuniti upya, huilipia, na mara nyingi husubiri hadi ifundishwe tena. Ikiwa ni yuniti inayotangulia nyingine, ratiba yake yote husogea, na mwaka wa ziada una kodi ya chumba na chakula ambavyo mzazi hakuvipangia. Juu ya hayo, katika baadhi ya vyuo vyetu vya umma alama ya anayerudia huwekewa kikomo cha 40, yaani alama ya kupita tu. Apate 78, transkripti itasema 40.

Nakielewa kikomo hicho kwa sapu, kwa sababu aliyefaulu mara ya kwanza asifanywe sawa na aliyepewa wiki kadhaa zaidi za kujiandaa kwa mtihani. Riteki ni jambo jingine. Aliyekaa darasani muhula mzima, akafanya majaribio yote na kuielewa kemia kwa kiwango cha 78, anaijua kemia. Kumwandikia 40 ni kumwambia kwamba kila alichojifunza zaidi ya hapo ni kazi bure, na kijana mwenye akili timamu atasoma hadi 40 kisha apeleke nguvu zake kwenye yuniti nyingine. Baadaye tunamlaumu kwa mtazamo huo huo tuliomfundisha.

Hata hamu ikiwepo, haitoshi. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kimoja huko St. Louis, Marekani, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu cha habari mara nne na wenzao waliokisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu kwa kukumbuka bila kukitazama. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 61, na waliosoma tu asilimia 40. Kinachonigusa zaidi ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa kuwa watakumbuka. Ndivyo anavyorudi darasani mara nyingi mwanafunzi wa riteki: amejaa ari, anapitia noti zile zile kwa njia ile ile iliyomwangusha, na anajihisi yuko tayari.

Watu wa Eldoret hupenda kuwatajia wanafunzi mfano wa Eliud Kipchoge. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, na mwaka uliofuata akahamia marathoni na kushinda Hamburg. Kisa hicho husimuliwa kama cha moyo usiokata tamaa, na moyo huo ulikuwepo. Lakini alibadilisha mbio zenyewe, alikuwa na kocha, Patrick Sang, alifanya mazoezi Kaptagat akiwa na kundi, na anajulikana kwa kuandika mazoezi yake daftarini. Mwanafunzi wa riteki hana kumbukumbu ya namna hiyo. Kwa kawaida karatasi yake ya mtihani wa mwisho hairudishwi. Akitaka isahihishwe upya hulipa ada, lakini kuketi na mhadhiri akaonyeshwa alipopotea ni bahati. Anajua tu kwamba alipata 31.

Hata hivyo mtazamo wenyewe una nafasi yake. Mwaka 2019 utafiti mkubwa uliohusisha takriban wanafunzi 12,000 wa sekondari za Marekani ulionyesha kwamba somo la chini ya saa moja, la kuwafundisha kuwa uwezo wa akili hukua, lilipandisha wastani wa waliokuwa wakifanya vibaya kwa 0.1 katika kipimo cha takriban alama 4. Ni kidogo, lakini ni kweli, na faida ilionekana zaidi pale ambapo wanafunzi wenzao nao walithamini kujaribu kazi ngumu. Eldoret inaijua nguvu hii ya kundi. Shule ya udaktari ya Moi, tangu ilipoanza, imejenga masomo yake juu ya vikundi vidogo vinavyochambua tatizo la mgonjwa pamoja na mkufunzi, na mwanafunzi huko hana pa kujificha na asichokielewa. Sioni kwa nini wanaorudia takwimu au kemia wasiwekwe kwenye vikundi kama hivyo.

Wapo wahadhiri watakaosema kikomo kikiondolewa watu wataanguka makusudi. Sidhani. Ada, muda na aibu ya nyumbani vinatosha kumzuia mtu. Alama ya kwanza ibaki kwenye transkripti, ya riteki iandikwe kando yake jinsi ilivyopatikana, na mwajiri asome zote mbili. Kanuni za mitihani ziko mikononi mwa seneti za vyuo, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri Bunge. Seneti zikiona mabadiliko hayo ni makubwa mno, zianze na yuniti za mwaka wa kwanza, na kwa jambo moja tu: kila aliyeanguka aonyeshwe karatasi yake, pamoja na mhadhiri, kabla hajalipia riteki.