Gitaa na Msondo Havigombani

Muhula huu Chama cha Muziki cha shule yetu kimegawanyika pande mbili. Fedha tulizochanga zatosha kununua gitaa mbili, au ngoma za kwetu, wala si vyote. Upande mmoja wasema gitaa ndiyo maendeleo. Wa pili wasema muziki wa kigeni huharibu vijana. Naona wote wamekosea kidogo.

Nianze na wanaoogopa ugeni. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na katika miaka hiyo santuri za Cuba ziliingia pwani yetu, vijana wakaipenda rumba. Lakini rumba ni ya nani? Ilizaliwa Cuba miongoni mwa watoto wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Sisi wa Bagamoyo, mji ulioona misafara ya watumwa, tutaiitaje mgeni? Ni ndugu aliyepotea, akarudi amevaa nguo nyingine.

Tena wanamuziki wetu hawakuiga tu. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964, ilipiga gitaa na saksafoni, lakini mtindo wake ikauita Msondo, jina la ngoma ndefu ya pwani. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikachagua Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Naye marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi hapa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alitoa santuri ya Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Hakumezwa na gitaa, kwa kuwa zeze na ilimba alivijua barabara.

Sasa niwageukie wapenzi wa gitaa. Je, nani kati yetu ajua kupiga msondo? Mimi sijui. Likizo iliyopita nilimwendea babu mmoja, jirani yetu, anifundishe. Aliniambia niioteshe ngoma motoni ili ngozi ikaze. Nikaisogeza mno, ngozi ikaanza kunuka! Babu aliiondoa upesi, akasema, "Mjukuu wangu, nikifa mimi hii itakuwa pipa tu." Sikuwa na jibu.

Basi shauri langu ni hili. Tununue gitaa moja. Fedha zitakazobaki tuwape wazee wawili watatu waje Jumamosi na ngoma zao, watufundishe. Walimu nao watuombee msaada TaSUBa, chuo cha sanaa kilicho hapa hapa mjini. Wazazi mnaosoma gazeti hili, mkimjua mpiga ngoma hodari, mleteni. Gitaa dukani zitakuwapo hata mwakani. Wazee hatuna hakika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asipokuwapo nyumbani, mgeni atapokewa na nani?

Mwanachama, Kidato cha III