Hina Si Sadaka, Bibi Harusi Lipa

Leo nasema, atakayenuna na anune.

Sokoni Ujiji hakuna anayemwambia muuza mawese, "Nipe dumu moja, Allah atakulipa." Dagaa na migebuka nao hupati bure. Lakini mpaka hina akitaja bei tunaguna: "Si unapenda mwenyewe kuchora?"

Ndiyo, anapenda. Kwani kupenda kazi kunafuta ujira? Unga wa hina kanunua, na ndimu, na mafuta ya mkaratusi. Kainama juu ya miguu yako usiku kucha, mgongo unamuuma, kisha unampa sahani ya pilau na "ahsante shoga".

Msisingizie dini. Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara. Bi Zaynab bint Jahsh (R.A.) alifanya kazi kwa mikono yake, na katika chumo hilo akatoa sadaka. Sadaka huitoa mwenye mali kwa hiari yake, haikamuliwi kwa kumwonea haya bibi harusi. Na Suratun-Nisaa aya ya 32 inampa mwanamke fungu lake katika alichochuma.

Nawe mpaka hina, jirekebishe. Taja bei mapema, pokea malipo ya awali, andika mapato na matumizi. Ukimpaka mdogo wako bure, iite zawadi, isiwe mazoea ya mtaa mzima.

Bibi harusi, ungekubali mahari yako igeuzwe "ahsante"? Basi mlipe dada yako kabla jasho lake halijakauka.