Nilimkataza nyanya kutembea, nikamharibu goti

Hapa Kipini ukimuuliza mtu mzima anaumwa wapi, atajishika goti. Nyanya yangu naye ni hivyo hivyo. Amelima mpunga, amepiga kafi kwenda Ozi na kurudi, maji amebeba kichwani tangu utoto. Mwaka jana goti likaanza kumkata. Tukampeleka kliniki moja, akatolewa damu, akaambiwa, “Damu ina baridi yabisi, mama apumzike.” Basi. Akawekwa barazani miezi minne. Na mimi mjukuu wake, mjuaji wa kila kitu kwenye simu, ndiye niliyekuwa nikimkaripia akiinuka. Mapaja yakanywea, na goti likazidi kuuma. Sasa hata chooni ashikwe mkono.

Nilisomea mambo ya maabara mihula mitatu kabla karo kunishinda, kwa hivyo hiki kidogo nilichobaki nacho nakupa bure. “Damu ina baridi yabisi” ni maneno matupu mpaka uambiwe kimepimwa nini. Kuna kipimo cha CRP, protini inayotoka kwenye ini mwili ukiwa na uvimbe wa ndani. Inapanda kwa goti, lakini pia kwa jino bovu, kifua au kidonda. Kuna kipimo cha asidi ya jongo. Kuna kile cha baridi yabisi chenyewe, ambacho wazee wengine wazima kabisa hukutwa nacho. Lakini goti la kuchakaa kwa umri, ambalo ndilo la wengi, halina kipimo cha damu cha kulithibitisha. Daktari anakuuliza, anakushika goti, pengine anakupiga picha.

Halafu kuna hii iliyonifungua macho. Watafiti huwatoa watu damu kabla na baada ya mazoezi, wakatafuta protini inayoitwa COMP, inayotoka kwenye gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio. Ukitembea nusu saa, inapanda kidogo. Ukikimbia marathoni, inapanda zaidi. Najua unachowaza: si ndiyo gegedu linasagika hilo? Tulia. Ukishapumzika inashuka tena ilikokuwa. Gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sifongo, ute wa kwenye goti uingie na kutoka. Ukikaa tu, unalinyima chakula.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi za wakimbiaji. Wanaokimbia kujifurahisha, 3.5 kwa mia walikuwa na uchakavu wa goti au nyonga. Wasiokimbia, 10.2. Wa mashindano, 13.3. Kwa hivyo usinukuu nusu ya kwanza ukaificha ya mwisho, kupita kiasi nako kupo. Tena mwenye goti bovu huenda aliacha kukimbia mapema, hesabu ikapendelea wengine. Hata hivyo, sioni popote inaposemwa kukaa ni dawa.

Na wewe kijana unayeita bodaboda kwenda dukani, hapo tu, usicheke. Kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Piga hesabu hatua zako za siku.

Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au ukawa na homa, hilo si la kutembeza, nenda hospitali upesi. Ukishapimwa, uliza: mmepima nini, kimetoka ngapi, na kinamaanisha nini? Ni damu yako.

Nyanya sasa tunatoka naye alfajiri kabla ya jua, taratibu, mpaka mtoni zinakofungwa mashua. Mwanzo ilikuwa mpaka mlango wa jirani tu. Goti bado linauma siku nyingine, na maneno ninayopewa njiani sitayaandika hapa. Juzi alikataa mkono wangu, akasema nibebe kikapu.