AFYA NYUMBANI: Mguu Kupendeza si Mguu Kupona

Gaius Marius alikuwa jemadari mashuhuri wa Roma, aliyezaliwa mnamo mwaka 157 kabla ya Kristo na kushika cheo cha konsuli mara saba. Mwandishi wa Kiyunani, Plutarch, amesimulia kwamba miguu yote miwili ya jemadari huyo ilikuwa imejaa mishipa iliyovimba, naye kwa kuuchukia ubaya wa sura yake alimwita tabibu amkate. Alikataa kufungwa kamba. Aliunyosha mguu mmoja, akakivumilia kisu bila kujitikisa wala kuguna. Lakini tabibu alipotaka kuushika mguu wa pili, Marius alikataa kuutoa, kwa kuwa alikwisha pima na kuona kwamba faida ya tiba ile haikulingana na maumivu yake.

Siku hizi kisu si lazima tena. Mishipa mingi ya miguuni hutibiwa kwa sindano nyembamba au kwa joto la leza, na mgonjwa hurudi kwake siku hiyo hiyo akitembea kwa miguu yake. Hata hivyo hesabu ya Marius ingali palepale. Wengi hutoka kwa daktari wakidhani kwamba kazi imekwisha, kumbe sehemu ya pili, yaani kupona, ndiyo kwanza inaanza. Baada ya wiki moja mguu una mabaka, unawasha, au unauma kuliko ulivyouma kabla ya sindano. Hapo ndipo mwenye mguu anapopaswa kujua lipi la kungojwa kwa subira, na lipi la kukimbilia hospitali usiku huo huo.

DAMU INAVYOPANDA MLIMA

Damu itokayo moyoni hushuka miguuni kwa nguvu za moyo wenyewe. Kurudi kwake ni kazi nyingine, maana hupanda juu dhidi ya uzito wake. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya shavu la mguu. Kila mtu apigapo hatua, misuli huibana mishipa ya ndani, na damu husukumwa juu. Ndani ya mishipa hiyo, iitwayo vena, mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. Fabricius, mwalimu wa Padua huko Italia, alivieleza vilango hivyo katika kitabu cha mwaka 1603, na mwanafunzi wake, William Harvey wa Uingereza, akavitumia katika kuthibitisha mzunguko wa damu katika kitabu chake cha mwaka 1628.

Vilango vikilegea, damu hurudi chini, na mshipa wa karibu na ngozi hutanuka, ukavimba na kupindapinda. Urithi wa ukoo una sehemu kubwa katika jambo hili, kadhalika umri, unene, na mimba za mara kwa mara. Kusimama kwa muda mrefu bila kutembea huongeza taabu, kwa maana misuli ya shavu hulala na damu hukaa chini. Askari wa lindo, polisi wa barabarani, na mama asimamaye jikoni au sokoni kutwa nzima wote wamo katika hesabu hiyo.

Ipo pia mishipa midogo mno, isiyofikia unene wa milimita moja, ambayo hutandaa juu ya ngozi mfano wa utando wa buibui. Aghalabu hiyo haina madhara, na watu huitibu kwa ajili ya sura tu. Si kosa mtu kupenda sura yake. Lakini yafaa ajue kwamba tiba ya urembo nayo ni tiba, na mwili hautofautishi jeraha lililotafutwa kwa ugonjwa na jeraha lililotafutwa kwa uzuri.

DAWA HUUA MSHIPA

Dawa inayodungwa, kwa mfano polidokanoli, ambayo hapo mwanzo ilitengenezwa ili iwe dawa ya ganzi, haiponyi mshipa. Huuunguza utando wa ndani, kuta zikashikana, na mshipa ukafungwa. Leza nayo huuziba mshipa mkubwa kwa joto. Damu haipotei njia kwa sababu hiyo, kwa kuwa kadiri ya sehemu tisa katika kumi za damu ya mguu hupanda kwa mishipa iliyo ndani ya misuli. Mshipa uliofungwa hugeuka kuwa kovu, na mwili huula polepole.

Basi msomaji akilishika neno hilo moja, kwamba tiba yenyewe ni jeraha lililokusudiwa, mengi yanayomtia hofu baadaye yatamwelea. Mishipa midogo huchukua wiki tatu hadi sita kufifia, na iliyo mikubwa zaidi huchukua miezi mitatu au minne. Wengine huhitaji kudungwa zaidi ya mara moja. Atakayejitazama kwenye kioo siku ya tano na kutoa hukumu atakuwa amehukumu kabla ya ushahidi.

YA KUNGOJWA KWA SUBIRA

Siku ya kwanza na ya pili, mahali palipodungwa huwasha, hufura kidogo na kuwa pekundu kama palipoumwa na mdudu. Damu iliyovilia chini ya ngozi huweza kukaa wiki mbili au tatu. Kwa aliyetibiwa kwa leza, mara nyingi paja huanza kuvuta kama kamba iliyokazwa baada ya siku tano au wiki moja, wakati ambapo yeye alidhani amekwisha pona. Mvuto huo ni mshipa unaosinyaa, nao hupungua katika wiki chache zinazofuata.

Baadhi hupapasa na kukuta uvimbe mgumu kama uzi mnene au punje ya maharage. Hiyo ni damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliofungwa. Huuma ikiguswa, na yaweza kukaa miezi kadhaa. Daktari anaweza kuitoboa kwa sindano na kuitoa, na maumivu yakapungua upesi. Asijaribu mtu kuitoboa nyumbani.

Baka la rangi ya udongo kufuata njia ya mshipa ni jambo la kawaida, na huonekana sana kwa watu wenye ngozi nyeusi. Asili yake ni chuma kilichomo katika damu, kinachobaki ndani ya ngozi baada ya damu kuvuja. Mara nyingi hufifia kati ya miezi sita na mwaka mmoja, ijapokuwa kwa wachache hubaki zaidi. Hapa pana onyo. Wako wanaokimbilia mafuta ya kujichubua ili walitoe baka hilo. Mafuta hayo hayakifikii chuma kilichozama ngozini, na baadhi yake huwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Mtu aliyeanza kwa kutafuta mguu mzuri asije akamalizia kwa figo mbovu.

Ganzi nayo yaweza kubaki sehemu fulani ya muundi au karibu na kifundo, hasa baada ya leza, kwa kuwa mishipa ya fahamu hupita kando ya vena. Wengi hupata nafuu katika muda wa miezi. Na wakati mwingine vimishipa vipya vyekundu huzuka pale pale palipotibiwa. Hivyo navyo mara nyingi huondoka vyenyewe, na si busara kurudi kudungwa kwa haraka.

MAUMIVU YALIYOKUWAPO TANGU ZAMANI

Yuko anayengoja miezi sita, ngozi ikatakata, na mguu ukaendelea kuuma. Huyu hana budi kuulizwa kama maumivu yake yalitoka kwenye mishipa hiyo hata kidogo. Uzito wa mguu unaozidi jioni na kupungua mtu anapoinua miguu kitandani, huo hufanana na ugonjwa wa vena. Lakini maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi unyayoni huwa ya uti wa mgongo. Moto na ganzi katika nyayo zote mbili vyaweza kuwa vya kisukari. Mguu unaokaza mtu akitembea na kutulia akisimama huashiria kwamba ateri, yaani mishipa ileteayo mguu damu, imeziba. Na miguu yote miwili ikivimba pamoja, moyo, figo na ini vyafaa kupimwa.

Yawezekana pia kwamba vimishipa vya juu vilitibiwa, na mshipa mkubwa unaovilisha ukaachwa. Hapo ni sawa na kufyeka majani ya mti na kuacha mzizi. Kipimo cha altrasaundi huonyesha damu inavyokwenda ndani ya mshipa, wala hakina maumivu. Mwenye mishipa iliyovimba waziwazi yafaa apimwe hivyo kabla ya kutibiwa, wala asikubali kudungwa na mtu aliyemtazama kwa macho tu.

YASIYONGOJA ASUBUHI

Hatari kubwa ni damu kuganda katika vena za ndani. Si jambo la mara kwa mara, lakini hutokea, hasa kwa aliyewahi kuugua hivyo, anayelala muda mrefu, au anayetumia baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Mguu mmoja huvimba wote au kuanzia gotini kwenda chini, shavu likawa gumu, lenye joto na maumivu yanayozidi siku hata siku. Mwenye dalili hizo aende hospitali siku hiyo hiyo. Asikandwe kwa maji ya moto, asichuliwe kwa mafuta, wala asichanjwe, kwa maana bonge la damu likisukumwa huweza kung'oka na kupanda mapafuni.

Likifika huko, mgonjwa hukosa pumzi ghafula, kifua humchoma anapovuta hewa, pengine akakohoa damu au kuzimia. Hapo hakuna la kushauriana. Litafutwe gari mara moja. Kadhalika asingoje mtu ambaye uso unavimba na pumzi inambana dakika chache baada ya sindano, wala ambaye mdomo umepinda au mkono umelegea. Ngozi ikigeuka nyeupe kisha nyeusi na kufanya kidonda, au ikitoa usaha na homa, daktari aione bila kuchelewa.

SIRI YA MGUU

Jambo linalowachelewesha wengi si umbali wa hospitali. Ni haya. Mke wa askari aliyeweka akiba ya nyumba akatengeneza miguu yake, mume akiwa mbali kazini, huona aibu kusema kwamba shavu limefura. Ataambiwa alijitakia. Naye askari aliyefanyiwa jambo hilo huogopa kucheka kwa wenzake, akavaa buti na kwenda gwaride huku mguu ukimwaka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Bonge la damu halimwulizi mtu alikwenda kwa daktari kwa sababu gani. Mume mwema atauliza kwanza mguu unaendeleaje, na habari ya fedha itangoja mpaka mgonjwa arudi mzima. Kamanda naye atafurahi zaidi kumkosa askari gwarideni asubuhi moja kuliko kumkosa maisha.

KAZI ZA NYUMBANI NA ZA KAMBINI

Baada ya tiba mgonjwa atembee mara moja, kwa nusu saa hivi, na kila siku baada ya hapo. Kutembea ndiko kunakoamsha misuli ya shavu. Soksi za kubana avae kwa siku alizoamriwa, azivae asubuhi kabla mguu haujavimba, na asizikunje juu, kwani mkunjo hukaba kama kamba. Mwenye ateri zilizoziba asizivae bila ruhusa ya daktari, maana zaweza kuufisha mguu.

Kuoga maji ya moto sana, kuota jua miguuni, kukimbia na mizigo na kunyanyua vitu vizito viachwe kwa wiki moja au mbili, kadiri ya agizo la daktari. Safari ndefu iahirishwe ikiwezekana. Isipowezekana, msafiri ashuke kila gari linaposimama, atembee, na akiwa kitini apandishe na kushusha visigino. Aliye lindoni afanye vivyo hivyo kila baada ya dakika chache, kwa kuwa kupanda juu ya vidole na kushuka hakumzuii kulinda. Jioni, miguu iinuliwe juu kupita kifua kwa robo saa.

Mama mjamzito asidungwe kwa ajili ya sura. Mishipa inayotoka wakati wa mimba mara nyingi hupungua yenyewe katika miezi ya baada ya kujifungua, na hasara ya kungoja ni ndogo kuliko hasara ya haraka.

Anayekusudia tiba hii na aandike mambo manne kabla ya kulipa: jina la dawa atakayodungwa, siku ya kurudi kuonwa, mahali pa kukimbilia usiku likitokea la kutokea, na jina la mtu mmoja wa nyumbani atakayeambiwa yote. Karatasi hiyo iwekwe mahali ambapo mtu huyo ataiona.